Viini nane, kinachofanya kazi kimoja: jinsi ya kuitumia prosesa yote kwenye CAD

Mchoro mzito wa CAD (uchoraji wa kitaalamu kwa kompyuta) ukigoma baada ya REGEN, amri ya AutoCAD ya kuujenga upya kwenye skrini, wengi hufungua Task Manager na kukuta jambo la kuudhi: skrini imeganda, programu haijibu, lakini CPU inasoma asilimia 6. Mtu anaona kompyuta imekaa bure, anaanza kusaka mahali pa kuiamuru itumie nguvu zake zote. Hesabu yake ni hii. Prosesa yenye viini 8 (cores) na nyuzi 16 (threads, yaani foleni za kazi inazoweza kuendesha kwa pamoja) huhesabiwa na Windows kama prosesa 16. Mia gawanya kwa 16 ni 6.25. Hiyo asilimia 6, basi, ni uzi mmoja unaokimbia bila kupumua huku 15 zikiwa hazina kazi. Mashine ya viini 4 na nyuzi 8 itaonyesha 12 au 13. Ya viini 4 bila nyuzi za ziada, 25. Ukiona namba hiyo imesimama pale pale muda wote unaosubiri, umeshajua kwamba kazi inafanywa na kiini kimoja.

Grafu za kila kiini zinaweza kukupotosha. Windows huuhamisha uzi kutoka kiini hiki kwenda kile mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo utaona vilima vidogo kwenye viini vinne au vitano na kudhani kazi imegawanywa. Angalia jumla ya programu yenyewe. Ukitaka uhakika, pakua Process Explorer ya Microsoft, bofya mara mbili jina la programu yako ya CAD, ingia kichupo cha Threads. Uzi mmoja ukiwa na 6.2 na mingine yote karibu na sifuri, huna haja ya kubishana tena.

Kabla ya kwenda mbali, kuna ushauri mmoja unaozunguka sana unaopasa kuachwa: kufungua msconfig, kwenda Boot, Advanced options, na kuweka tiki kwenye Number of processors. Windows hutumia viini vyote tangu mwanzo. Tiki hiyo haiongezi hata kimoja. Kazi yake ni kupunguza tu, kwa ajili ya majaribio. Aliyeiweka na kuchagua namba ndogo kwa bahati mbaya hubaki na kompyuta nusu mpaka aitoe.

Kwa nini kazi haigawanyiki

Chukua kipande rahisi kwenye SolidWorks au FreeCAD: bamba la milimita 120 kwa 80, unene 12, lenye matundu manne ya milimita 11 ya kupitisha bolti za M10, na kingo zilizoviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 5. Programu haihifadhi umbo peke yake, huhifadhi historia ya jinsi lilivyotengenezwa. Ukibadilisha 120 kuwa 150, huanza upya: mstatili, kisha unene, kisha matundu, kisha kuviringa. Kuviringa kunahitaji kingo zilizozaliwa na hatua zilizotangulia, na kabla hatua hizo hazijaisha kingo hizo hazipo. Ukuta wa tofali hupanda hivyo hivyo, kozi juu ya kozi: mafundi kumi hawawezi kujenga kozi ya tano wakati ya nne haijalazwa. Nyumba ikishasimama ndipo kila fundi anaweza kupewa chumba chake apige plasta. Mambo mengi ya viini vingi kwenye CAD huanzia hapo: kipi ni kozi, na kipi ni plasta.

Sababu ya pili ni umri. AutoCAD ilitoka Desemba 1982, na prosesa za viini viwili zilifika kwenye kompyuta za mezani mwaka 2005. Kwa zaidi ya miaka 20 programu hiyo iliandikwa kwa dhana kwamba kuna prosesa moja, na kwamba kila amri inaikuta hifadhidata ya mchoro ikiwa imetulia. Juu ya dhana hiyo zimejengwa rutini za LISP (lugha ya kuiongezea AutoCAD amri) na programu-jalizi zisizohesabika. Mpaka leo kodi ya .NET inayogusa vitu vya mchoro wa AutoCAD inatakiwa iendeshwe kwenye uzi mkuu, na Revit nayo hudai hivyo hivyo. Nyuzi mbili zikibadilisha mstari mmoja kwa wakati mmoja, mchoro unaharibika. Ukiweka kufuli ili ziandike kwa zamu, umerudi kwenye foleni ile ile, na gharama ya kufuli juu yake.

Faida unayoweza kuitarajia ina kikomo kinachopigiwa hesabu. Gene Amdahl alikieleza mwaka 1967. Tuseme asilimia 30 ya kazi inagawanyika na 70 ni mnyororo, yaani hatua zinazosubiriana. Kwa viini 8 utapata kasi mara 1.36. Kwa viini elfu moja haifiki 1.43. Lakini kazi ambayo asilimia 95 inagawanyika hupata mara 9.1 kwa viini 16. Ndiyo maana mashine moja inaweza kuwa ya ajabu kwenye kutengeneza picha za mwisho na ya kawaida kabisa kwenye kuchora, bila kuwa na ubovu wowote.

Nini kinagawanywa tayari

Picha za mwisho zinazohesabiwa kwa kufuata miale ya mwanga hugawanyika vizuri kuliko yote, kwa kuwa kila nukta ya picha inajitegemea: V-Ray itajaza viini vyote bila kuambiwa. Uchambuzi wa mkazo na wa mtiririko pia hufaidika. Revit hutumia viini vingi kwenye kuchapa kwa vekta, kutoa DWG za 2D, kupakia elementi kwenye kumbukumbu na kuonyesha maungio ya kuta kwenye plani na seksheni. Kubadilisha modeli yenyewe kunabaki mnyororo. SketchUp huchora kwa kiini kimoja, na hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo. Grasshopper ndani ya Rhino ni ya kiungwana katika jambo hili: vijenzi vyenye uwezo wa kugawa kazi vina vidoti vidogo kwenye kona ya juu kushoto, na ukibofya kulia unaweza kuwasha au kuzima.

AutoCAD ina kigezo kimoja kinachohusika, WHIPTHREAD. Andika jina lake, bonyeza Enter, utaona thamani iliyopo. 0 huzima kabisa. 1, ambayo ndiyo ya kiwandani, hugawa kazi ya REGEN peke yake. 2 hugawa kuchora upya skrini peke yake. 3 hugawa vyote viwili. Weka 3, kisha pima kwa REGENALL kwenye faili lako zito kuliko yote, mara tatu kwa kila thamani. Kuna gharama ambayo watu huikuta baadaye na kudhani mchoro umeharibika: kwa 2 au 3, mpangilio uliouweka kwa DRAWORDER hauhakikishwi kwenye skrini. Hachi au rangi ya kujaza inaweza kufunika maandishi yaliyokuwa juu yake. Ukichapa, mpangilio unarudi sawa. Ukiwa na michoro iliyojaa hachi nzito, baki na 1.

Usitegemee miujiza kwa kigezo hiki. Mara nyingi ucheleweshaji wa AutoCAD una chanzo kingine kabisa: faili lenye maelfu ya mistari iliyolaliana (OVERKILL huiondoa), orodha ya skeli zilizorundikana kutoka michoro ya watu wengine (-SCALELISTEDIT, kisha Reset), na xref (michoro mingine iliyounganishwa na wako) zilizoko kwenye seva upande wa pili wa Wi-Fi dhaifu. Kwa haya, hata viini mia haviwezi kukusaidia.

Gawa mafaili, si mchoro

Njia yenye faida kubwa zaidi haimo ndani ya programu. Mchoro mmoja ni mnyororo, lakini michoro 60 ya mradi ni minyororo 60 isiyojuana. Tangu toleo la 2013, AutoCAD huja na accoreconsole.exe, injini ile ile isiyo na dirisha, inayofungua faili moja na kuendesha skripti. Ukiendesha nne kwa pamoja, Windows itazipa viini vinne.

Tengeneza faili la maandishi liitwalo safisha.scr:

```
-PURGE
A
*
N
AUDIT
Y
QSAVE

```

Mstari mtupu wa mwisho ni sehemu ya skripti. Ukiusahau, amri ya mwisho haipokei Enter, na kazi yote inafungwa bila kuhifadhiwa. Kistari mbele ya PURGE nacho ni cha lazima, kwa sababu bila hicho amri hutaka kufungua kisanduku, na hapa hakuna dirisha la kukionyesha. Kisha, ndani ya PowerShell 7:

```
Get-ChildItem C:\kazi\*.dwg | ForEach-Object -Parallel {
  & "C:\Program Files\Autodesk\AutoCAD 2024\accoreconsole.exe" /i $_.FullName /s C:\kazi\safisha.scr > "$($_.FullName).txt"
} -ThrottleLimit 4
```

PowerShell inayokuja na Windows 10 na 11 ni 5.1, nayo haijui -Parallel. Sakinisha ya 7 kwa `winget install Microsoft.PowerShell`, kisha ifungue kwa kuandika pwsh. Kila faili linaandikiwa ripoti yake ya .txt, kwani ripoti nne zikimiminika kwenye dirisha moja huwezi kujua kosa lilikuwa la mchoro gani.

Namba ya ThrottleLimit, yaani mafaili mangapi yaendeshwe kwa pamoja, ndiyo inayoamua kama utaokoa muda au utaupoteza. Anza na viini halisi, si nyuzi, toa kimoja ukiachie Windows. Kisha angalia RAM: fungua mchoro mmoja mzito, soma kumbukumbu inayotumika, zidisha. Michoro minne ya gigabaiti 2 kila mmoja inataka 8 kabla ya Windows yenyewe, na mashine ya gigabaiti 8 itaanza kuandika kwenye diski. Hapo kazi nne kwa pamoja zitachelewa kuliko zikifanywa moja baada ya nyingine. Punguza iwe 2.

Fanyia kazi nakala, si mafaili asilia. -PURGE hufuta kila bloku na leya isiyotumika, kwa hiyo faili la maktaba ya bloku likiingia kwenye folda hiyo litatoka limekauka. Faili lililofunguliwa na mwenzako lina .dwl pembeni yake na QSAVE itakataliwa. Rutini za LISP zinazotegemea vla- hazitafanya kazi, maana injini hii haina upande wa ActiveX. Lakini kutoa PDF kwa -PLOT, kubadilisha jina la leya kwenye seti nzima, au kurekebisha tarehe kwenye fremu ya mchoro, hayo yote yanapita.

Upana badala ya urefu

Kwenye modeli za 3D kuna hatua ya pili, nayo ni kuipunguzia kazi yenyewe urefu wa mnyororo. FreeCAD inafaa kuonyeshea kwa kuwa injini yake, Open CASCADE, iko wazi. Katika kukata na kuunganisha maumbo, FreeCAD huiruhusu injini hiyo igawe hesabu za makutano ya nyuso kwa viini vingi, na vivyo hivyo katika kutengeneza pembetatu za kuonyesha umbo kwenye skrini. Ruhusa hiyo haina maana kama kila hatua ina nyuso chache tu za kukutanisha.

Jaribu bamba la milimita 1000 kwa 500 lenye matundu 200. Hifadhi hii kama makro:

```
import Part, time
from FreeCAD import Vector
bamba = Part.makeBox(1000, 500, 12)
silinda = [Part.makeCylinder(5.5, 14, Vector(25+50*i, 25+50*j, -1))
           for i in range(20) for j in range(10)]

t = time.time()
a = bamba
for s in silinda:
    a = a.cut(s)
print("moja moja:", time.time() - t)

t = time.time()
b = bamba.cut(silinda)
print("kwa pamoja:", time.time() - t)
```

Katika njia ya kwanza, tundu la 200 linakatwa kwenye umbo ambalo tayari lina nyuso 205, sita za bamba na 199 za matundu, na zote zinapitiwa upya. Hivyo kila tundu ni ghali kuliko lililotangulia. Katika njia ya pili bamba linapitiwa mara moja, na injini ina makutano mengi yanayojitegemea ya kugawa. Silinda zina urefu wa 14 na zinaanzia chini ya bamba kwa milimita 1 kwa makusudi: uso wa silinda ukilingana kabisa na uso wa bamba, injini hulazimika kutatua nyuso zinazolaliana, na hapo ndipo makosa mengi ya kukata huanzia. Jambo jingine la kuchunga: toa silinda kama orodha, kama ilivyo hapa, usizifunge kwa Part.makeCompound kama silinda zinagusana au kuingiliana. Open CASCADE hutaka kila umbo linalopewa lisijikate lenyewe, na kifurushi chenye silinda zilizopandana huvunja sharti hilo. Tokeo lake linaweza kuwa umbo bovu lisilotoa onyo.

Wanaotumia SolidWorks wanapata faida ya aina hiyo kwa kuufupisha mnyororo. Kichupo cha Evaluate kina Performance Evaluation, kinachopanga kila hatua kwa sekunde inazokula wakati wa kujenga upya. Mara nyingi hatua mbili au tatu, hasa kuviringa kingo nyingi na paterni zenye maelfu ya nakala, hubeba sehemu kubwa ya muda. Zipeleke mwisho wa mti, au washa Freeze bar kwenye System Options, General, uishushe chini ya hatua zilizokwisha ili zisijengwe tena.

OpenSCAD, ambayo umbo lake huandikwa kwa kodi, ni mfano mzuri wa kile kinachotokea injini yenyewe inapobadilishwa. Toleo la 2021.01 hutumia CGAL, inayofanya hesabu za F6 (kujenga umbo kamili) kwa kiini kimoja na inayoweza kuchukua dakika nyingi. Matoleo ya maendeleo yaliyofuata yana Manifold, iliyoandikwa kwa nyuzi nyingi tangu mwanzo; iwashe kwenye Preferences au kwa `--backend=Manifold`. Kazi ile ile ya dakika hushuka kuwa sekunde, na si kwa sababu ya viini peke yake, maana algoriti nayo ni nyepesi zaidi.

Kwa uchambuzi wa mkazo ndani ya FreeCAD, idadi ya viini vya CalculiX, injini inayofanya hesabu hizo, huwekwa kwenye Preferences, FEM, CalculiX. Ukiendesha kwa mkono kwenye Linux ni `OMP_NUM_THREADS=4 ccx -i bamba`, bila kiambishi cha .inp. Weka idadi ya viini halisi. Kazi hii husoma kumbukumbu kwa wingi, na nyuzi mbili za kiini kimoja zitagombania njia ile ile. Kijiti kimoja cha RAM badala ya viwili kinaipunguza njia hiyo kwa nusu. Kwa kazi hii kuongeza kijiti cha pili kinacholingana huweza kukupa kasi kuliko prosesa mpya.

Unaponunua

Minara yenye Xeon mbili (prosesa za Intel za seva) inayouzwa kama mashine za wahandisi ina mvuto wake. Xeon E5-2680 v3 mbili ni viini 24, lakini kila kimoja kinaishia GHz 3.3, na muundo wake ni wa 2014. Core i3-12100 ina viini 4 tu, inafika GHz 4.3, na kila mpigo wake unafanya kazi zaidi. Kwa AutoCAD, SketchUp na kujenga upya modeli, hiyo i3 itaiacha Xeon. Kwa V-Ray ya usiku kucha, Xeon ina nafasi yake. Mchoraji anayetumia muda mwingi wa siku kuchora asiilipie viini 24.

Prosesa nyingi mpya za Intel, kuanzia kizazi cha 12, zina viini vya aina mbili. Core i7-12700 ina 8 vikubwa na 4 vidogo. Windows 11 inajua kuvitofautisha vizuri, Windows 10 haikutengenezewa hilo, na CAD ikiangukia kiini kidogo unaisikia. Kwenye Task Manager, Details, bofya kulia programu, Set affinity, bakiza CPU 0 hadi 15, ambazo kwa kawaida ndizo nyuzi za viini vikubwa kwenye prosesa hiyo. Usibakize moja peke yake, kwani kuchora skrini na kuhifadhi kwa dharura kunahitaji nyuzi nyingine. Mpangilio huo hufutika ukifunga programu. Kwenye laptopu, angalia kwanza kama imechomekwa umeme na kama feni haijajaa vumbi: kiini kimoja kinachoshuka kutoka GHz 4.3 hadi 2 kwa joto la chumba kisicho na kiyoyozi kimekupotezea zaidi ya mpangilio wowote uliotajwa hapa.

Dukani, beba FreeCAD kwenye flashi. Ipo kama kifurushi cha 7z kisichohitaji kusakinishwa. Fungua, endesha makro ya bamba, soma sekunde kwenye Report view. Mstari wa "moja moja" unakuonyesha kasi ya kiini kimoja, na huo ndio wa kulinganishia mashine mbili kama kazi yako ni kuchora. Endesha mara mbili mfululizo; ikiwa ya pili imechelewa wazi kuliko ya kwanza, mashine inapata joto na kujipunguza kasi, na muuzaji aifungue mfuniko muone feni kabla hujalipa.